Marehemu Anaomba Kiti

"Pole sana kwa msiba wa baba," nesi mmoja aliniambia mara tu alipoingia karakanani, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Niliduwaa. Baba nilikuwa nimemwacha nyumbani asubuhi hiyohiyo, akigombana na kola ya shati nililompigia pasi na kunilaumu kwamba chai haina sukari.

"Msiba wa baba yupi?"

"Wenu. Nimesoma jana kwenye ukurasa wenu. Nimelia, mdogo wangu! Ndiyo maana kitanda changu nakuja kuagiza hapa."

Nyuma yangu msumeno wa umeme ulikuwa ukiunguruma. Kaka yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi, alikuwa ameinamia ubao, masikio ameyaziba. Nikatoa simu, vidole vimejaa gundi, nikafungua ukurasa. Picha ya karakana yetu, randa ya kulainishia mbao ikiwa mezani. Chini yake, maneno haya:

"Randa hii niliachiwa na baba. Leo hayupo duniani, lakini kila ninapoishika namsikia akiniambia: taratibu, mwanangu, usiuumize ubao."

Kisha pole za watu, zimepangana mpaka kidole kikachoka kuzisogeza.

Nikatazama mlangoni. Baba alikuwa njiani anakuja.

Baba ndiye aliyemfundisha Kaka useremala. Siku moja, mbele ya wateja, akakipindua kiti alichotengeneza Kaka, akakikagua kwa chini, akasema: "Huyu si fundi. Huyu ni mkata kuni." Kaka akahama, akafungua karakana yake, nami nikamfuata mchana kumsaidia kupokea wateja, jioni nikirudi kwa Baba. Tangu hapo kila mmoja ananiuliza mimi habari za mwenzake huku akijifanya anauliza habari za mvua. Nilibembeleza mpaka ulimi ukaota sugu. Juzi tu Baba akakubali kuja kuiona karakana, mara moja, na akiona upuuzi anageuza.

Na mwandishi wa maneno yale nilimleta mimi mwenyewe. Kaka anaweza kuunda kabati likasimama kama askari wa gwaride, lakini mpe tangazo aandike: "VITANDA VIPO." Basi, amemaliza. Nikamtafuta binti tunayemwita Kalamu, anayewaandikia wenye biashara ndogo. Anakuhoji, anakurekodi, anaandika yeye, jina linabaki lako.

Nikauzima msumeno.

"Kaka, umemuua Baba?"

"Nini?"

Nikamsogezea simu. Akasoma, midomo ikichezacheza, uso ukamsawijika.

"Aliponitumia nilisoma mstari wa kwanza tu, nikaona mtamu, nikamwambia aweke. Kumbe huyu binti ni mwongo kiasi hiki! Yuko wapi?"

Hakuwa mbali. Alikuwa uani akipiga picha za makabati, na alipotajwa kwa ubaya alisikia vizuri.

"Mwongo nani?" akaingia, kidevu juu.

"Wewe! Nani alikwambia baba yangu amekufa?"

"Fundi, mimi napamba, siui watu. Nimeandika nilichoambiwa."

"Na nani?"

Akaanza kuipekua simu yake. Hapohapo mlango ukaingia giza. Baba alikuwa amesimama kizingitini, kofia mkononi, kola imemkaa upande. Nilinyoosha mkono kumzuia Kalamu, nikachelewa. Kidole chake kilikuwa kimeshabonyeza.

"Na mzee wako, bado yupo?" iliuliza sauti ya Kalamu.

"Yule?" Hii ilikuwa sauti ya Kaka, safi kabisa, nyundo ikigonga kwa nyuma. "Alikufa zamani. Swali jingine."

"Jamani, pole sana."

"Nimeshapoa. Swali jingine."

Kalamu akaishusha simu.

"Rudia," Baba akasema.

Kalamu akageuka. "Shikamoo, mzee. Samahani, wewe ni..."

"Mimi ndiye marehemu. Rudia."

Akarudia. Baba alisikiliza ameinamisha kichwa, kama anavyousikiliza ubao anapougonga kujua kama umeliwa na mchwa ndani. Alipokiinua, Kaka aliyaona macho ya Baba, akayakimbia, akakosa pa kuyapeleka yake.

"Kwa hiyo nimemlilia mtu aliye hai?" nesi akauliza polepole. Hakuniuliza mimi. Alimtazama Kaka. "Kijana, mimi wangu nimemzika kweli. Hukupata uongo mwingine?"

"Nilikuwa na hasira, mama."

"Usiniambie mimi."

Kaka akageuka. "Baba..." akaanza. Neno hilo sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu alipohama.

Baba aliangalia kabati, akaangalia rundo la maranda, akaangalia msumeno wa umeme kwa chuki yake ileile ya zamani. Nilikuwa nikiitazama miguu yake, nikingoja igeuke.

"Marehemu anaomba kiti," akasema.

Viti vyote vya wateja vilikuwa na vanishi mbichi. Kaka akaburuta kile anachokalia mwenyewe, akakifuta kwa mkono wa shati. Baba akakipindua, miguu juu. Nikafumba macho. Nilimsikia akipitisha kidole gumba kwenye viungio, kimoja kimoja. Nilipofumbua, kiti kilikuwa kimesimama, na Baba amekikalia.

"Mguu wa nyuma wa kushoto ni mfupi," akasema. Kisha akamnyooshea Kalamu kidole. "Na wewe, futa hayo uliyoandika. Andika kwamba baba yake yupo, na anasema mguu ni mfupi."

Kalamu akafungua ukurasa. "Kwa jina la nani, mzee?"

"La kwake. Ila safari hii asome mpaka chini."

Kaka alikuwa bado amesimama, maranda yamemjaa nyweleni. Halafu akapiga magoti mbele ya Baba, nesi na sisi sote tukiona, akachungulia chini ya kiti, na akakaa hukohuko muda mrefu kuliko mguu mmoja unavyohitaji kutazamwa.

"Kweli, Baba," sauti yake ikatoka chini. "Ni mfupi."