Minyaa ya Ruzuku

Wadogo zangu wale wawili nimewabeba mgongoni wote, kwa hiyo nikiwaita wapumbavu mtu asininunie. Mkubwa tunamwita Bosi, maana anaamrisha hata kuku. Mdogo ni Kitinda. Baba alituachia shamba moja na ng'ombe wawili wa kulimia, na mimi, niliyerudi nyumbani ndoa iliponishinda, nikapewa nyumba ya katikati. Tulilima pamoja, tukavuna pamoja, tukala pamoja.

Ikaja ruzuku ya serikali: mbegu na mbolea, kila shamba fungu moja, na bwana shamba lazima aje kuona kwa macho yake.

"Na mashamba yakiwa mawili?" akauliza Bosi.

Kitinda alicheka mpaka akakaa chini. Wiki hiyohiyo wakapanda ua wa minyaa toka barabarani hadi mtoni, ukapita nyuma ya jiko langu. Ng'ombe mmoja akalala huku, mwenzake kule.

"Geresha tu, Dada," wakaniambia. "Ruzuku ikiisha, tunang'oa."

Nikawapikia chai, nikaona wadogo zangu wana akili kweli. Na mahindi yalikubali, nisiwe mwongo. Mafungu mawili yaliingia ghala moja, na siku ya kulima ng'ombe walifungwa nira moja kama kawaida.

Asubuhi moja bwana shamba akatokea bila taarifa. Akamkuta ng'ombe wa Bosi upande wa Kitinda, anatafuna mahindi machanga kwa raha zake. Akauliza ni wa nani. Ikabidi watu waigize.

"Toa ng'ombe wako shambani kwangu!" Kitinda akamfokea kaka yake, huku akinikonyeza.

"Ua wako mbovu, kazibe!" Bosi naye akajibu mapigo.

Jamani, walijua! Nilijibana nyuma ya mlango wa jiko, mkono mdomoni, nisiangue kicheko. Bwana shamba akawasihi, majirani wapatane. Hapo ndipo wangenyamaza. Lakini wapi!

"Tangu baba afe unajifanya kila kitu chako," akasema Kitinda, na safari hii hakukonyeza mtu.

"Baba nimemuuguza mimi," akajibu Bosi. "Wewe ulikuja kuzika."

Kicheko kilinikauka. Maneno hayo hayakuwa ya kumwigizia bwana shamba. Yeye aliandika alichoandika, akaondoka ameridhika. Wao wakabaki wamesimama, kila mmoja upande wake. Nilidhani yataisha jioni, lakini jioni kila mtu akala kwake.

Msimu uliofuata Kitinda alikodi ng'ombe wa mtu, ng'ombe huyo akakataa nira, mistari ikaenda upogo. Bosi akalima kwa jembe la mkono, mgongo hoi. Niliwabembeleza, nikawatukana, nikalia. "Tutazungumza, Dada." Ndiyo wimbo wao. Hata ningewatokea siku ile na mwiko mkononi, wakagombana na mimi, ingekuwa afadhali. Najuta kwa nini nilijificha kucheka.

Mwaka huu ruzuku imesimamishwa. Watu wanalia, mimi nilifurahi peke yangu. Nikawaita wote wawili: "Geresha imekwisha. Njooni na mapanga, tuondoe huu uchafu."

Wakaja! Wote wawili, mapanga mkononi. Nilibandika lile sufuria kubwa la chai la zamani. Nikawa nasikia panga huku, panga kule. Nikatoka na vikombe.

Bosi alikuwa anapunguza minyaa upande wake. Kitinda alikuwa anapunguza upande wake. Hawakutazamana. Ua ulikuwa umenyooka, umependeza, haujawahi kuwa imara vile. Nikaweka vikombe chini, nikakamata shina moja niling'oe mwenyewe.

"Acha, Dada," akasema Kitinda kwa upole. "Utomvu utakuingia machoni."

"Ukitaka kwenda kwake," akasema Bosi, "zunguka barabarani."

Nikampa Bosi kikombe chake. Cha Kitinda nikakibeba, nikazunguka nacho barabarani. Nilipomfikia, chai ilikuwa imepoa.