Pikipiki Iliyoota Mizizi Jilore

Asubuhi ile Musembi alivaa sweta mbili, koti la mvua na mabuti ya mpira, akaipiga teke pikipiki ya ofisi mpaka ikakubali kuwaka, akatoka Malindi kwenda Jilore na miche ya mikorosho imefungwa nyuma kwa mpira wa tairi. Kipupwe cha mwaka ule wa themanini na sita kilikuja kimeshikana mikono na mvua. Watu wa pwani, ambao baridi ikiwagusa kidogo tu hujifunika mpaka masikio, walikuwa majumbani wakiota moto. Musembi ni Mkamba wa Kitui, na kwao mvua hupokewa kwa vigelegele, lakini hii ya huku ilimchapa usoni pasipo kosa.

Njia nzuri ilipokwisha alisimama juu ya vikanyagio, magoti yamelikumbatia tangi, akaiacha pikipiki itambae kwa gia ya pili. Tope la Jilore lina tabia zake: jekundu huteleza, jeusi hushika. Kwenye jekundu alitanua miguu huku na huku kama bata. Kwenye jeusi alishuka akachokoa tope kwenye madgadi za magurudumu kwa kijiti, akapanda tena. Alianguka mara mbili, na mara zote mbili alitazama kwanza kama kuna aliyemwona, ndipo akajitazama kama ameumia.

Kila boma alilofika alipewa kiti, akapewa chai, akakataliwa miche. Ofisini walikuwa wameshamwambia kwamba watu wa huko ni wavivu, naye akaanza kuamini, maana mtu aliyelowa huamini mabaya haraka.

Mwisho akafika kwa Kabibi, mjane aliyekuwa akipalilia mahindi na gunia kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, bwana shamba. Mvua yote hii, huna mke wa kukukataza?"

Kabibi alichukua mche mmoja, akalishika jani lake kwa mapenzi, akaurudisha.

"Mwanangu, hapa hatupandi mti. Mahindi sawa, kunde sawa, muhogo tunajaribu bahati. Mti ni marufuku."

"Nani kapiga marufuku?"

"Mwenye ardhi. Yuko Mombasa. Hajafika huku hata siku moja, lakini habari zetu anazo zote."

Ndivyo mambo yalivyokuwa. Kabibi alizaliwa pale, na babake alizaliwa pale, ila hati ilikuwa kwa mtu mwingine, nao wakaitwa maskwota. Waliruhusiwa kulima msimu kwa msimu. Mti una mizizi, na mwenye mizizi si rahisi kumng'oa, kwa hiyo aliyepanda mti alifukuzwa kabla haujazaa.

Musembi aliona haya. Akaigeuza pikipiki apite bondeni, pembeni mwa shamba, na mtu aliyeona haya haangalii apitapo. Ikazama katika tope jeusi mpaka kwenye mnyororo. Kahindi, jirani yake Kabibi, akaja na magongo ya kuinyanyulia, wakasukuma, wakavuta, wakatukana kidogo. Haikutikisika. Ilikuwa Ijumaa. Musembi akaiacha, akarudi Malindi kwa miguu.

Jumatatu aliikuta imeshika. Gurudumu la nyuma lilikuwa limetoa mizizi, na usukani umechipua majani mapana yanayong'aa. Alijaribu kuiwasha. Injini iliitika kwa heshima, majani yakatikisika, ikazima. Kahindi akafukua kidogo kwa jembe, akasema mzizi mkuu umepitia kwenye ekzosi na unashuka kutafuta maji.

"Mkiukata, itakufa," alisema, akaurudishia udongo.

Kabibi hakuwa na neno na pikipiki kuota. Vitu huota, ndiyo kazi ya mvua. Hofu yake ilikuwa Garama, msimamizi wa mwenye ardhi, aliyepita baada ya kila palizi kuona nani kapanda nini. Akaifunika kwa makuti na leso mbili kuukuu, na aliyeuliza aliambiwa ni banda la kuku.

Lakini mimba haifichiki, wala pikipiki inayozaa. Ilitoa maua yenye harufu ya petroli, nyuki wakayanywa na kurudi mizingani wakipepesuka. Kisha ikazaa honi. Zilianza kijani, zikawa manjano, na iliyoiva ililia yenyewe. Kabibi alizining'iniza shambani kufukuzia ngedere. Siku za kwanza ngedere walikimbia. Baadaye wakawa wanasogea pembeni tu, wanapisha, kisha wanarudi kwenye mahindi.

Garama naye alipisha. Siku moja alikuwa njiani aliposikia honi nyuma ya mihogo, akasimama kando ya njia kwa adabu, akasubiri gari ambalo halikuja. Ndipo akaifuata sauti, akamkuta Kabibi na Musembi, aliyekuja kuitazama pikipiki yake, akafunua leso.

"Dada Kabibi, umepanda mti."

"Sikupanda. Muulize huyu aliyekuja nayo."

"Ilizama tu," Musembi alisema.

Garama alichuma jani, akalinusa. "Una mizizi na unazaa. Ni mti huu. Mavuno yakitoka, nawe utoke."

"Mume wangu kalala pale," Kabibi alisema, akaonyesha kando ya mihogo. "Na babangu ubavuni mwake. Hao hawana mizizi?"

"Kaburi halizai," alijibu Garama, wala hakusema kwa ubaya, maana hata babake yeye alizikwa katika ardhi hiyo hiyo.

Musembi alirudi ofisini roho inamuuma. Akamwendea mkubwa wake, Bwana Nahashon, akamsihi aseme kwamba mti ule ni wa serikali na Kabibi hana hatia. Ushahidi upo, alisema: nambari ya usajili bado imo kwenye shina, nayo inanenepa pamoja na gome.

Nahashon alifikiri, akakubali. Mali ya serikali haiwezi kukatwa, wala haiwezi kukaa juu ya ardhi ya mtu kama skwota. Mwenye ardhi kule Mombasa hakutaka ugomvi na serikali, akaridhia mara moja. Wiki ile ile wapima ardhi wakaja na kamba zao, wakapiga bikoni za mpaka, wakazungusha seng'enge, na pikipiki ikapewa hati. Walikuwa watu makini sana. Waliupimia mti na kivuli chake cha baadaye.

Kabibi alisamehewa kosa la kupanda. Ila nyumba yake ilikuwa ndani ya kivuli hicho, pamoja na makaburi na nusu ya mahindi. Aliambiwa anaweza kujenga ng'ambo ya seng'enge, msimu kwa msimu kama kawaida.

"Nisamehe, mama," Musembi alisema. Machozi yalikuwa yakimlenga. "Nilidhani nakutetea."

"Najua, mwanangu. Ijumaa uliiacha, Jumatatu imeshika?"

"Ndiyo."

Kabibi akatazama mawingu. Mvua ilipoanza, alipandisha leso magotini, akaingia katika tope jeusi kando ya ule mti, akasimama. Musembi akaenda kusimama naye, asiwe peke yake. Halafu akavua mabuti, asiwe amemzidi. Mvua ikawapiga, baridi ikawapanda mpaka kiunoni, meno ya Musembi yakagongana. Kabibi alifumba macho, midomo inataja majina ya wazee wake mmoja mmoja. Hakuwahi kutaka kitu kama alivyotaka kushika mahali pale.

Mvua ilipokatika, Kabibi aliinua mguu mmoja, kisha wa pili. Ilitoka vizuri, bila kukwama, na maji yakaisafisha.

Musembi alijaribu wake, ukakataa. Kabibi akainama, akapapasa topeni, akakuta vidole vya yule bwana vimetoa mizizi midogo, myeupe, yenye afya.

"Wewe ardhi imekukubali," alimwambia.

Akatoa kisu alichokatia kunde, akaikata mizizi polepole asimuumize. Kisha wakaenda wote wawili kung'oa nguzo za nyumba.