Flashi ya Mkunga

Mama Chapa hakuwa mtu wa kubadilisha vitu ovyo. Kiti cha duka lake la kuchapisha alikuwa nacho tangu siku aliyofungua, miaka kumi na tisa nyuma, na kila kilipovunjika mguu alikipeleka kwa seremala wa jirani badala ya kununua kingine. Kompyuta yake nayo ilikuwa na mfumo endeshi uleule wa tangu zamani, alioingiziwa kutoka kwenye sidii isiyo na jalada wala kibali, na kila asubuhi kompyuta hiyo ilimwomba aisasishe. Kila asubuhi alibofya "Baadaye" na kuanza kazi.

"Shemeji, hiyo baadaye yako itakutokea puani," mdogo wa mumewe alikuwa akimwambia. Huyu ndiye Fundi, mtengenezaji wa kompyuta, mtu wa maneno mengi na bisibisi mfukoni. Kwa miaka miwili alikuwa akimsihi amwekee mfumo huria, wa bure na halali, usiobabaishwa na virusi vya flashi za wateja.

"Vidole vyangu vimezoea huu," alikuwa akijibu. "Unataka nihangaike kutafuta kitufe cha kuchapisha mbele za watu, kama bibi harusi aliyeingia jikoni kwa mama mkwe leo?"

Jambo moja lilimpa kiburi, wala hakulificha: katika miaka yote hiyo, hakuna kazi ya mtu iliyowahi kupotea mikononi mwake. Alikuwa na daftari. Kila aliyeingia aliandikwa jina, tarehe, namba ya simu na alichochapisha, hata kama ni tangazo la paka aliyepotea. Watu walimcheka kwa daftari hilo, lakini walirudi kwake.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, aliingia Mkunga. Alikuwa amestaafu, mwembamba, amenyooka kama rula, na ndiye aliyewapokea watoto wote watatu wa Mama Chapa. Tangu astaafu alikuwa akiandika kitabu cha kuwafundisha wakunga wanafunzi. Sura ya kwanza aliichapisha hapohapo dukani wiki tatu nyuma. Sasa alikuwa amekileta kitabu chote, kurasa mia mbili na kumi na mbili, na chuo kilikuwa kinakisubiri Ijumaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo tunazaa," Mkunga alisema, akimkabidhi flashi.

Mama Chapa alicheka, akaichomeka. Kicheko kikakatika. Mahali pa folda palikuwa na kialama chenye mshale mdogo. Akabofya, hakuna kitu. Akabofya tena, hakuna.

"Mama, kitabu umekihifadhi wapi kwingine?"

"Kwingine wapi? Kompyuta yangu ilikuwa inasuasua, nikaambiwa niipunguzie mzigo. Nikahamishia kila kitu humo."

Mkunga akavuta kiti, akakaa. Hakulia wala hakupiga kelele. "Miaka minne," alisema tu, mikono mapajani. Mama Chapa angeweza kuvumilia matusi, lakini utulivu ule ulimkata maini. Akampigia simu shemeji yake.

Fundi alifika mbio na kompyuta yake kwapani. Hakufanya utani hata kidogo, na hapo Mama Chapa akajua mambo ni mazito. Akaichomoa flashi, akaichomeka kwenye kompyuta yake, yenye ule mfumo aliokuwa akiuhubiri. Folda ikatokea palepale, na ndani yake sura kumi na nne, zote zimepangana.

"Hakijafutwa," Fundi alisema, akianza kunakili. "Kirusi kilikificha, kikaweka kivuli mlangoni ili ukibofya kikurukie. Huu mfumo wangu haudanganyiki kwa maficho ya namna hiyo. Na kirusi chenyewe ndicho hiki hapa, kimelala tu, hakiwezi kufanya lolote."

Mkunga alishusha pumzi ndefu, akacheka huku machozi yakimtoka. "Kwani kiliingia lini?"

Fundi akaitazama tarehe, akaisoma kwa sauti. Mama Chapa akafungua daftari, Fundi akachungulia begani kwake. Ilikuwa tarehe ileile: Mkunga, sura ya kwanza, nakala mbili.

"Unajua, flashi huzunguka sehemu nyingi," Fundi alisema, akijikohoza. Mkunga alikuwa anafuta machozi, hana habari. Mama Chapa angeweza kulifunga daftari na mambo yakaishia hapo. Alijua akifungua mdomo, jina la miaka kumi na tisa laweza kwenda na maji siku hiyohiyo. Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

"Kilitoka kwangu, mama," akasema. "Kompyuta yangu ndiyo iliyokuambukiza. Nilionywa nikapuuza."

Mkunga aliacha kufuta machozi. "Sura ya kwanza inahusu nini? Wewe ndiye uliyeichapisha."

"Kunawa mikono."

"Nilipokuwa mgeni kazini, nilitoka kitanda kimoja kwenda kingine na mikono ileile, kwa haraka zangu. Mama mmoja akashikwa na homa mbaya. Alipopona, nilimwambia mwenyewe kwamba ni mimi. Ujauzito wa pili, akanitafuta mimi nimzalishe." Akasimama, akainyoosha sketi yake. "Haya, nawa. Kisha uwaite wote uliowashika."

Mchana huohuo Fundi aliiwekea kompyuta ya dukani mfumo mpya.

"Lakini huu nao si hirizi," alionya. "Nywila usimpe mtu, na ukikuomba usasishe, sasisha."

"Na 'Baadaye' iko wapi?"

"Shemeji, usinitanie."

Mama Chapa akakaa na daftari na simu, akawapigia wateja wote wa wiki za karibuni, mmoja mmoja, watu hamsini na saba. Kwa kila mmoja alisema yaleyale: lete flashi yako Alhamisi, nitakusafishia bure, kosa ni langu.

Walikuja. Ila walisimama kibarazani, kila mtu ameshika flashi yake kama yai, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza.

"Mama Chapa, tunakuheshimu," seremala alisema, akiangalia viatu vyake. "Lakini aanze mwingine."

Mama Chapa alijikaza kutabasamu. Ndipo Mkunga alipotokea. Alipita katikati yao bila kuwasalimu, akaingia ndani, akaichomeka flashi yake kwa mkono wake mwenyewe.

"Nakala thelathini," alisema.

Folda ikafunguka. Mama Chapa alihangaika kutafuta kitufe cha kuchapisha, mbele za watu wote, akabofya sipo, akabofya tena, mpaka akakiona. Printa ikaguruma. Mkunga akaupokea ukurasa wa kwanza ukiwa bado wa moto, akausoma wote, akaridhika. Kisha akageukia kibarazani na kuita kwa sauti yake ya wodini.

"Haya, anayefuata!"

Seremala akaingia.