Kioo cha Juu Mnarani

Zilibaki saa mbili siku arobaini zitimie. Mhandisi wa manispaa alikuwa amegundisha vipande vitatu vya kioo kwenye ufa wa mnara: chini, katikati na juu. Vikibaki vizima siku hizo zote, mnara unasalia. Hata kimoja kikikatika, ni ishara kwamba ukuta unatembea, na tingatinga linakuja kuubomoa. Mambo ndiyo hayo.

Fundi mwashi, mwanamke aliyerithi mwiko wa baba yake, alipanda kuvitazama kabla ya mhandisi. Mnara ule, wa zaidi ya miaka mia saba, ulijengwa na tajiri aliyewaogopa binamu zake kuliko kifo: mlango uko juu, enzi hizo ukifikiwa kwa ngazi ya kamba iliyovutwa ndani, kuta nene kuliko urefu wa mtu, madirisha ya kupitisha mshale tu. Binamu wakafa, ugomvi ukafa nao, mawe yakabaki. Na ubavuni mwake kabisa ndipo ilipo nyumba ya kaka yake fundi, mwenye watoto watano.

Kioo cha chini, kizima. Cha katikati, kizima. Akaanza kupumua. Cha juu, lahaula, kimekatika vipande viwili.

Akakaa kwenye ngazi. Alijua sababu. Kimekatika palepale alipoziba ufa mwenyewe miaka mitatu nyuma. Baba alimwachia wosia mmoja tu: mnara huu ni chokaa. Lakini chokaa huloweshwa miezi, na mvua ilikuwa inakuja, basi akapiga saruji, akapaka chokaa juu yake wasimjue. Saruji ikafungia maji ndani, maji yakasukuma mawe. Msingi hauna kosa lolote masikini.

Mfukoni alikuwa na kioo kingine na gundi. Kwani nani huenda kwenye jambo kama hilo mikono mitupu? Akabandua kile kibovu, akabandika kipya. Ndipo aliposikia mchanga unachuruzika ndani ya ukuta. Na kutoka chini, binti wa kaka yake anamwita shangazi ashuke, chai inapoa.

Akaking'oa kile kipya.

Mhandisi alimkuta uani kwa kaka yake, kioo kilichokatika kiganjani. Akampa pole, akasema ni msingi, hakuna la kufanya.

"Si msingi. Ni mimi," fundi akasema. "Nilipiga saruji kule juu. Ibandueni, mnara utapona."

"Unajua hutagusa tena jiwe la hapa?" mhandisi akauliza.

"Najua."

Kaka yake alikuwa mlangoni, amesikia yote. Miaka mitatu watoto wake walilala chini ya ukuta ule. Aliingia ndani, akaanza kukunja magodoro.

Waliletwa mafundi wengine, saruji ikabanduliwa, chokaa ikarudishwa kwa taratibu zake. Mnara umesimama imara, na kaka amerudi na wanawe. Fundi hupita hapo kila asubuhi akienda kuwajengea watu wengine, na hupunguza mwendo kidogo. Chai inanukia mpaka barabarani, lakini hakuna anayemwita.