Pua na Mashairi Matano

Hotelini wananiita Pua. Miaka kumi na tisa nimenusa vizibo na kuwaambia wageni mvinyo upi unafaa, na sikuwahi kukosea mpaka mwezi wa tatu, mafua yaliponipata na kuondoka na harufu na ladha zote. Sikumwambia mtu. Pua asiyenusa hana kazi, na mimi kazi nyingine siijui. Tangu hapo natumia kumbukumbu, na inachosha kuliko kubeba magunia.

Ndipo meneja akaja na wazo lake: alasiri ya mashairi ya yule marehemu bibi mshairi ambaye vitabu vyake navipenda, mashairi matano, kila moja na mvinyo wake.

"Wewe ndiye unayeyajua mashairi yake kwa moyo," akasema. "Chagua tu."

Basi nilisikiliza mashairi, kwa sababu chupa hazikuniambia kitu. La harusi nikalichagulia mvinyo mweupe, mwepesi. La mjane anayekunja nguo za mumewe nikalichagulia mwekundu uliokaa stoo miaka na miaka. Siku yenyewe nikanusa kizibo mbele ya watu, nikatikisa kichwa kwa kuridhika. Maigizo matupu.

Walipokunywa huo mwekundu, nyuso zikakunjamana. Mama mmoja wa meza ya mbele akafuta machozi. Mpishi mkuu, aliyekuwa mlangoni, akaonja glasi yangu, akanong'ona, "Kaka, huu umeshakuwa siki. Hukunusa?"

Kabla sijajibu, meneja alikuwa ameshasimama. "Mmeonja uchachu huo? Huo ndio msiba wenyewe. Pua, hebu waeleze umeupataje."

Nilikuwa nimechoka, jamani. Nikashika kipaza sauti nikasema ukweli.

"Tangu mwezi wa tatu sisikii harufu. Si ya mvinyo, si ya sabuni, si ya maziwa yakiungua. Asubuhi namkumbatia binti yangu, nanusa nywele zake, naona kama nanusa ukuta. Siwafai tena."

Halafu makofi, ukumbi mzima.

"Shairi hilo nalo limo kwenye kitabu kipi?" akauliza yule mama, kalamu mkononi.

Mpishi peke yake hakupiga makofi. Alinivuta pembeni, akanifuta jasho usoni kwa aproni aliyoivaa akikata vitunguu mchana kutwa. Macho yakaniwasha, yakatoka machozi. Harufu sikuisikia.