Pembe Kumi kwa Vichwa Saba

Hakuwa na cheti cha shule ya mchana. Elimu yake yote kubwa aliipata jioni, baada ya kazi, kwenye madawati ya watoto yaliyombana magoti. Hakuwa na gari, wala baiskeli, tangu ile ya mwisho iibiwe sokoni huku yeye akilinganisha nyanya kwa ukubwa. Hakuwa na sauti ya kuimba, na kwaya ilikwisha kumwambia hivyo mara mbili, ya kwanza kwa upole. Hakuwa na subira kwa watu wanaosema "kama mita mbili hivi". Na zaidi ya hayo yote, hakuwa na kiti katika baraza la wazee wa kanisa.

Viti vya baraza vilikuwa saba, vya mbao ngumu, vyenye mito myekundu. Vilipangwa mstari mmoja kando ya mimbari, vikiwatazama waumini, hata aliyeketi pale alionekana amekwisha kufika nusu ya safari ya mbinguni. Kwa miaka kumi na tisa bwana huyu alikuwa akivitazama kutoka benchi la nne. Kila uchaguzi ulipofika alivaa koti, na kila uchaguzi ulipopita alilirudisha kabatini.

Watu walimwita Rula. Alikuwa mchoraji wa ramani katika idara ya maji kwa miaka thelathini na moja, na hakuna bomba lililolazwa mjini bila kupita kwanza chini ya penseli yake. Alipostaafu, mchungaji alimpa darasa la Ufunuo, lile la Jumapili saa nane mchana katika ukumbi mdogo nyuma ya kanisa. Mwalimu aliyetangulia alikuwa amehama mji, darasa lilibaki na watu kumi na mmoja, na mchungaji alidhani litakufa lenyewe bila kelele.

Halikufa. Rula alikuwa na njia yake.

"Mimi jambo nisiloweza kulichora silielewi," aliwaambia siku ya kwanza. "Na ninyi pia hamlielewi, ila mna adabu tu."

Basi akachora. Nzige wenye nywele za wanawake na mikia ya nge aliwachora kwa mbele, kwa ubavuni na kwa juu, vipimo pembeni. Mji mtakatifu aliuchora kwa skeli, urefu, upana na kimo sawasawa. Alipogundua kwamba maji ya mji ule yanatoka kwenye kiti cha enzi, juu kabisa, na kuteremka yenyewe bila pampu wala tangi, alifurahi wiki nzima. "Mradi huo," alisema, "umefanywa na mtu anayejua kazi."

Kila somo alilimaliza kwa swali lilelile: "Na leo je?" Hapo darasa lilichangamka. Leo mnyama alikuwa mataifa makubwa. Leo alikuwa simu. Wiki nyingine alikuwa benki, wiki nyingine mitambo inayozunguka angani. Kila Jumapili mnyama alipatikana, na kila Jumapili alipatikana mbali, watu wakaenda nyumbani kula kwa amani.

Taabu ilianza ilipofika zamu ya kumchora mnyama mwenyewe, yule atokaye baharini. Rula alitandika karatasi juu ya meza ya chakula, akakaa akiitazama siku mbili.

"Kuna nini?" mkewe akamwuliza. Alikuwa akipiga pasi upande wa pili wa chumba.

"Vichwa saba. Pembe kumi."

"Kumi kwa saba, kila kimoja moja, zinabaki tatu."

"Ndiyo taabu yenyewe. Hizo tatu zinakaa wapi? Yohana hakusema."

"Labda hakuhesabu kichwa kwa kichwa, baba. Mimi ningemwona mnyama huyo ningekimbia."

"Ndiyo maana hukuandika Ufunuo."

"Na wewe umeuandika?"

Rula alichukua bikari. Mwishowe alifanya kama ambavyo angefanya kwa mabomba: uzito usiegemee upande mmoja. Kichwa cha kwanza pembe mbili, cha katikati mbili, cha mwisho mbili. Vinne vilivyobaki moja moja. Jumla kumi, shingo zimetulia. Kichwa chenyewe alikichora kimoja tu, kwa uangalifu, kinywa cha simba. Vingine sita alivinakili kwa karatasi angavu. Miguu ya dubu ilimsumbua, maana hajawahi kumwona dubu, akaazima kitabu cha picha cha mjukuu. Kazi ilipokwisha alirudi nyuma hatua tatu, akajipongeza kimoyomoyo, kama alivyozoea kujipongeza kwa miaka mingi kwa kukosa mtu wa kumsaidia kazi hiyo.

Jumapili akaibandika ukutani. Akaeleza habari za wafalme wa kale, za Roma na vilima vyake, za Wakristo wachache waliotakiwa kumsujudia mtu wakakataa. Alieleza vizuri. Kisha akauliza, "Na leo je?"

Fundi cherehani, mjane mwenye kicheko cha kusikika mitaa mitatu, akajifunika mdomo kwa kiganja.

"Mwalimu," alisema, "leo mbona tunamjua!"

"Nani?"

"Usinitaje. Lakini hicho cha mwisho, chenye pembe mbili, si anakaa upande wa kwaya?"

Dereva mmoja mstaafu akaanza kuhesabu kwa vidole, kwa sauti. Wazee wa baraza saba. Wa kwanza kwenye mstari, katibu, ndiye pia mkuu wa mapokezi: vyeo viwili. Wa katikati, mwuguzi mstaafu, anaongoza akina mama na shule ya Jumapili: viwili. Wa mwisho ni mwenyekiti wa ujenzi na kiongozi wa kwaya: viwili. Wanne waliobaki cheo kimoja kimoja.

"Kumi!" dereva akasema, akakosa kidole cha kuongeza. "Kumi kamili!"

"Na nyuso zote moja!" fundi cherehani akapasuka. "Ndivyo walivyo! Mmoja akigeuza shingo, wote wanageuza!"

Rula alitazama mchoro wake kana kwamba umechorwa na mtu mwingine. Haki ya Mungu hakuwa amefikiri jambo hilo. Alifungua kinywa aseme: jamani, ni usawa wa shingo tu. Lakini mtu wa nyuma akatangulia: "Mwalimu, una moyo wa chuma! Miaka yote hii hakuna aliyethubutu!"

Kinywa kikajifunga chenyewe. Kilipofunguka tena kilisema, "Mimi nimechora tu. Kuona ni kwenu." Kila neno lilikuwa kweli, na yote pamoja yalikuwa uongo.

Jumapili iliyofuata walikuja watu arobaini na sita. Mabenchi yaliletwa kutoka kanisani. Watu wasiofungua Biblia tangu ubatizo walisimama mbele ya mnyama wakihesabu kwa midomo. Rula alivaa koti, na hapakuwa na uchaguzi.

Jumanne mchana shemeji yake aligonga mlango. Huyu alikuwa kaka wa mkewe, mwuza vifaa vya ujenzi, mwenyekiti wa ujenzi na kiongozi wa kwaya: kichwa cha mwisho, upande wa kwaya.

"Shemeji," alisema kabla ya kuketi, "mimi nina pembe mbili?"

"Sikuandika jina la mtu."

"Hukuandika! Jana mteja amekuja kununua misumari, ananitazama kipaji cha uso badala ya macho. Kipaji cha uso, shemeji!"

Dada yake akamletea chai. "Kwani kaka, unafanana na kile kichwa?"

"Vyote vinafanana!"

"Basi kwa nini umejichagulia cha mwisho?"

"Dada, usinichekeshe, nimekuja kwa hasira." Akanywa chai, hasira ikapungua kidogo, akashusha sauti kama mtu anayekata bei. "Sikia, shemeji. Baraza limekutana. Hatutaki vita. Tumesema, mtu mwenye elimu kama yako amekaa benchi la nne bure. Tunaongeza kiti. Mzee wa Mafundisho. Seremala ameshapima mbao."

Rula alishika ukingo wa meza. "Kiti cha... pale mbele?"

"Pale pale. Cha nane."

Palikuwa na maswali mengi ambayo mtu wa Mungu angeuliza. Rula aliuliza, "Kina mto?"

"Kina mto, kama vingine. Ila mchoro ushuke, na utuandikie barua ya kukubali, useme mnyama yule ni habari za wafalme wa kale tu, hahusiani na mtu yeyote aliye hai. Isomwe Jumapili. Barua ifike kabla ya Ijumaa."

Alipoondoka, Rula alitoa kalamu ya wino, ile ya kuandikia majina ya ramani. Aliandika kurasa mbili za kukubali, akitumia neno "unyenyekevu" mara tano. Mwandiko ulitoka mzuri kupita kawaida. Aliuacha ukauke, na kwa kuwa hakuweza kukaa bure, akafungua Biblia kuandaa somo lijalo, sura ya kumi na saba, mahali ambapo mnyama yuleyule anaelezwa tena.

Alisoma. Akarudia. Akavua miwani, akaifuta, akasoma mara ya tatu.

"Nini tena?" mkewe akauliza.

"Kuna wa nane."

"Wa nane gani?"

"Baada ya wale saba. Malaika anamwambia Yohana kwamba mnyama mwenyewe ndiye wa nane. Na tena ni mmoja wao."

Mkewe aliiweka pasi kando isije ikachoma kitu, ndipo akacheka. Alicheka mpaka akakaa. Rula alingoja amalize, kwa heshima ya mtu anayengoja mvua ipite.

"Ni sadfa tu," alisema.

"Ndiyo, baba. Na ile ya pembe ilikuwa nini?"

Hapo mchoraji akaiona hesabu nzima, na hesabu haikuwa na mlango wa nyuma. Kama mchoro ulisema juu ya wale saba, basi na kitabu kimesema juu ya wa nane, na seremala ameshapima mbao. Kama yote ni sadfa, basi watu arobaini na sita wamemshangilia kwa ajili ya usawa wa shingo, na yeye ameivaa sifa ile kama koti la kuazima.

"Lakini mimi sijafanya lolote," alisema. "Sijamsujudia mtu. Sijatawala hata kamati ya usafi."

"Miaka kumi na tisa unavitazama vile viti wakati wa sala," mkewe alisema, tena kwa upole. "Mchungaji anasema tufumbe macho. Mimi nafumba moja."

Jumatano alichana ile barua, akaandika nyingine ya kukataa. Hii ilitoka kurasa tatu. Ilikuwa na historia ya maisha yake, shule ya jioni, miaka thelathini na moja ya mabomba, na sentensi moja ya mwisho aliyoipigia mstari chini: naomba barua hii isisomwe mbele ya waumini. Akamsomea mkewe akiwa amesimama.

"Nzuri," mkewe alisema. "Wataisoma kwa kipaza sauti."

"Si nimeomba isisomwe?"

"Ndiyo maana. Ungetaka isisomwe ungeandika kurasa tatu kwa mwandiko huo?"

Rula alikaa. Alijaribu kukasirika, akaona hasira haina mahali pa kushika. Baada ya muda aliondoa shule ya jioni. Akaondoa mabomba, haya yalimwuma zaidi. Akaondoa ombi la mwisho. Kilichobaki akakinakili kwenye karatasi safi, kwa mwandiko wa kawaida, ule wa orodha ya sokoni:

"Kwa Baraza la Wazee. Pembe nilizigawa vile ili shingo zisiegemee upande mmoja. Sikumfikiria mtu. Watu walipowafikiria ninyi nilifurahi, nikanyamaza. Naomba radhi kwa kunyamaza. Jumapili nitalieleza darasa mwenyewe, na mchoro utabaki ukutani, kwa sababu bado hatujajua unamhusu nani, na tusiharakishe kusema si sisi. Kiti cha nane sikihitaji."

Alisoma tena sentensi ya mwisho. Aliitazama kama alivyokuwa akitazama kipimo cha fundi mvivu. Haikuwa sahihi, wala haikukaribia kuwa sahihi. Akaikata kwa mstari wa rula, akaandika chini yake:

"Kiti cha nane nakitamani sana. Kwa sababu hiyo naomba nisipewe."

"Umeikata," mkewe akasema akichungulia begani. "Hutaiandika upya iwe safi?"

"Hapana," akasema, na neno hilo lilimgharimu kuliko barua yote.

Akaikunja mara tatu, kingo juu ya kingo, akaitia katika bahasha. Akalamba gundi, akabana kwa kiganja, akahesabu mpaka ishirini. Ofisi ya kanisa ilikuwa mitaa miwili tu, lakini barua ya kiofisi hupitia posta; akabandika stempu, akavaa kofia, akatoka. Jua lilikuwa kali na sanduku la barua lilikuwa la moto kuligusa. Aliishika bahasha kwenye ule mdomo wa chuma, nusu ndani, nusu mkononi, mpaka mwanamke aliyekuwa nyuma yake akakohoa. Ndipo akaiachia.