Kinyozi Aliyejua Visogo

Alimzika mke asubuhi na kichanga alasiri, siku hiyo hiyo moja. Baada ya hapo kinyozi akawa mtu wa kukaa kwenye kiti cha wateja, akijitazama kwenye kioo, mpaka wateja wenyewe wakazoea kupita. Nyumbani akipika, mkono unapakua sahani mbili, halafu anabaki kuitazama ile ya pili.

Basi aliposikia kuna nchi ya mbali yenye vita inapokea watu wa kujitolea kutoka popote, hakuuliza hata wanapigania nini. Alifunga duka, akapeleka ufunguo kwa mama mkwe wake, maana ndiye pekee aliyebaki wa kumwita mwanangu. Mama alisema mengi. Alisema vitani si mahali pa mtu kwenda kutuliza moyo, na kwamba makaburi yale mawili nani atayapalilia, yeye na magoti yake haya. Kinyozi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, mimi nataka tu niamke nikute watu."

Na kweli aliwakuta. Kikosi kilikuwa mchanganyiko, kila mtu na lugha yake, wanaelewana kwa vidole. Bunduki ilimshinda, kila akifyatua anafumba macho, mwalimu anabaki ameshika kiuno. Lakini walipomwona na mashine yake ya kunyolea wakampa kreti tupu la risasi liwe kiti, na kona ya hema iwe duka. Tangu hapo hawakuanza kula kabla hajafika. Wakamwita Wembe. Mtu anayekuinamishia shingo kila baada ya wiki mbili, atakuwaje mgeni kwako?

Aliyemzoea zaidi alikuwa fundi magari aliyetoka nchi moja naye, waliyemwita Spana, mwenye mdomo usio na breki na kovu refu kisogoni, alilolipata chini ya gari bovu.

"Ninyoe vizuri, Wembe. Nikifa nisiwaaibishe wenzangu."

"Kwa kichwa hiki cha kiazi? Aibu ulizaliwa nayo, ndugu yangu."

Kinyozi akajisikia anacheka, akashtuka.

Mwezi wa tano, gari la kikosi lilipigwa barabarani. Miili ililetwa saa nne asubuhi, ikalazwa nyuma ya jiko. Nyuso zilikuwa zimeharibika, hata nguo hazikusaidia kitu. Kamanda alisimama pale muda mrefu, kisha akasema aitwe kinyozi.

Akapiga magoti. Akawageuza mmoja mmoja, polepole, kama mtu anayeogopa kuwaamsha. Huyu ni yule wa sikio lililokatika ncha. Huyu ni yule mwenye mikunjo miwili ya shingo. Wa nne hakuhitaji kumtazama. Kidole kilifika kwenye kovu chenyewe.

"Na huyu?" kamanda akauliza, kalamu mkononi.

"Ndugu yangu," akasema kinyozi. Kamanda akangoja jina.

Wakampa ruhusa ya kurudi nyumbani, moja kwa moja akitaka. Akampigia mama mkwe. Mama akamwambia duka bado lipo, analifagia kila wiki, arudi tu.

"Huku nina watu wangu, Mama."

"Wangapi, baba?"

Kinyozi akaanza kuhesabu kwa vidole, mama akadhani simu imekatika, akaanza kuita halo, halo.

Aliporudi hemani wapya walikuwa wameshapanga foleni, walioletwa kujaza nafasi. Wa kwanza alikuwa mwoka mikate, mtu wa makamo. Akaketi kwenye kreti, akainamisha kichwa. Kinyozi hakuwasha mashine. Alipitisha vidole nyuma ya masikio, akashuka shingoni, akitafuta. Chini ya sikio la kushoto akakuta baka. Akaligusa mara mbili, mara tatu, asije akalisahau.

Mwoka mikate akafumba macho, akatulia kama mtoto anayebembelezwa.